Uchambuzi wa kisa: kalibu mbili za plastiki, moja iliyolipa na moja iliyokwama

Kuhusu kisa hiki

Kampuni inayozungumziwa hapa, inayotengeneza vijisanamu vya askari kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani, bado ipo na bado inauza. Jina lake, nchi yake na zama za jeshi inalotengeneza vimeondolewa. Fedha nazo zimebadilishwa: bei ya sanduku moja la vijisanamu dukani, kodi ikiwa imeshatolewa, nimeifanya kuwa 100, na gharama nyingine zote zimepimwa kwa kipimo hichohicho na kukadiriwa. Ukisoma kwamba kalibu, yaani umbo ambalo kijisanamu hutengenezwa ndani yake, iligharimu 60,000, elewa kuwa ni thamani ya masanduku 600 kwa bei ya dukani. Niliitwa kupitia hesabu zao mambo yakiwa yameshatokea, kwa hiyo nasema kwa uhakika mambo ambayo wao siku ile waliyaona kwa ukungu.

Usuli

Ni kampuni ya watu wanne. Kwa miaka mingi walisubu askari wa metali nyeupe wa milimita 28 kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani. Njia yao ilikuwa ya kuzungusha: kalibu ya mpira uliopikwa huwekwa kwenye mashine, metali yenye bati nyingi humiminwa katikati, na mzunguko huisukuma mpaka kwenye ncha za mikuki. Kalibu ya mpira ni rahisi. Ikichakaa baada ya miminiko mia kadhaa, hutupwa na nyingine hupikwa siku hiyohiyo. Kinachokula fedha ni metali yenyewe pamoja na mikono ya mtu anayesimama mbele ya mashine, anayetoa kijisanamu kimoja kimoja na kukata mabaki.

Kikosi cha askari 30 wa metali kiliwagharimu 90 kabla ya kufungashwa. Washindani wao walikuwa wanauza sanduku zima la askari 30 wa plastiki kwa 100. Wateja walipenda sura za askari wao na waliwaambia hivyo, kisha wakaenda kununua jeshi la watu 120 kwingine. Uzito nao ulikuwa kero: bati ina msongamano wa kama gramu 7.3 kwa sentimita ya ujazo, polistireni kama 1.05. Kijisanamu kilekile kikiwa cha plastiki hubaki na uzito wa moja ya saba.

Plastiki hugeuza hesabu juu chini. Chembechembe za polistireni huyeyushwa kwa joto la nyuzi 200 na zaidi, husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma, hupoa, na baada ya sekunde chache fremu nzima yenye miili, vichwa na mikono hudondoka. Kila fremu ni karibu bure. Kalibu ndiyo ghali, na unailipia kabla hujauza hata kichwa kimoja.

Jedwali la kwanza

Jedwali lao la kwanza lilikuwa safi. Gharama za mkupuo zilikuwa tatu: kalibu 55,000, uchongaji wa kidijitali 10,000, na 5,000 za mchoro wa sanduku na picha za matangazo. Jumla 70,000.

Gharama za kila sanduku walizipanga hivi: muda wa mashine na fundi wake 8, sanduku lenyewe na kijikaratasi cha maelezo 7, vitako vya kusimamishia askari 2, kazi ya kufungasha 3.5, na plastiki 1.5. Jumla 22.

Hiyo 1.5 ndiyo inayowachanganya wengi. Sanduku la fremu tano, kila fremu gramu 40, lina gramu 200 za polistireni, na ni kweli kwamba malighafi hiyo ni ya bei ya chini mno. Mchezaji anayelalamika kwamba anauziwa plastiki ya senti chache yuko sahihi kuhusu plastiki. Karatasi ya sanduku ilikuwa ghali zaidi ya mara nne kuliko askari wenyewe.

Upande wa mapato walikadiria kuuza asilimia 60 moja kwa moja kwa wachezaji, ambako baada ya ada ya malipo na sehemu ya posta wangebaki na 88, na asilimia 40 kwa maduka, kwa punguzo linalowaachia 55. Wastani ni kama 75. Ukitoa 22, kila sanduku linachangia 53. Gawa 70,000 kwa 53 upate masanduku 1,320 ya kurudisha mtaji. Kwa jinsi metali yao ilivyokuwa ikiuzwa, waliamini wangeuza 2,000 mwaka wa kwanza. Wakakata shauri.

Kila tarakimu iliyokuwemo ilikuwa na hoja nyuma yake. Shida ilikuwa kwenye mistari ambayo haikuandikwa: gharama ya kurudia kazi haikuwa na nafasi, msambazaji wa jumla hakuwepo kabisa, na masanduku yatakayokaa ghalani hayakuhesabiwa kuwa fedha.

Kuchagua kalibu

Walipata makadirio matatu. La kwanza lilikuwa kalibu kamili ya chuma kilichogumishwa, inayojitegemea, kwa 78,000. La pili kalibu ya alumini kwa 42,000. La tatu lilikuwa la mkandarasi aliyependekeza wachongewe vipande vya ndani tu kwa chuma kilichogumishwa, vikae ndani ya kiunzi ambacho ni mali yake na ambacho anakitumia kwa wateja wengi. Hilo lilikuwa 55,000, na mkandarasi huyohuyo ndiye angepiga plastiki, yaani kuisukuma ndani ya kalibu, pigo moja kwa kila fremu.

Walichagua la tatu, na sababu zao niliandikiwa waziwazi. Waliogopa kwamba alumini ingechakaa haraka na sura za askari zikafifia. Kiunzi cha pamoja kiliwapunguzia 23,000 ukilinganisha na kalibu kamili. Na karatasi ya makadirio iliahidi mapigo milioni moja, jambo ambalo kwa watu waliozoea kutupa kalibu za mpira kila baada ya wiki chache lilisikika kama ahadi ya kurithisha watoto.

Michoro inarudishwa

Mchongaji waliyemwajiri alikuwa na jicho zuri la nguo na misimamo. Alizoea kuchonga kwa ajili ya metali na kwa ajili ya printa za resini, zinazojenga umbo tabaka kwa tabaka bila kalibu. Kalibu ya mpira hupindika: unaikunja kidogo na kijisanamu hutoka hata kama mkono umezunguka kifua. Printa ya resini ndiyo haijali kabisa. Kalibu ya chuma ina nusu mbili ngumu zinazofunguka kwa mstari mmoja ulionyooka, na sehemu yoyote yenye uvungu, yaani plastiki iliyopita chini ya chuma, hunasa. Ama kijisanamu kinavunjika au hakitoki.

Faili za kwanza zilirudi zimejaa alama nyekundu. Mkono ulioshika bunduki mbele ya kifua ulikuwa na uvungu nyuma yake. Kidevu kilifunika shingo. Mkoba ulining'inia mbali na nyonga. Kila ukuta uliosimama wima ulihitaji mteremko wa digrii moja au mbili ili usikwaruzwe wakati wa kutoka. Dawa ya uvungu ni kukata: mkono unakuwa kipande peke yake, kichwa peke yake, mkoba peke yake, na kila kipande kinalazwa kwenye fremu kwa upande ambao hauna uvungu. Kalibu zenye vipande vinavyoteleza kwa pembeni zipo, ila kila kitelezi ni mashine ndogo ndani ya mashine na bei yake ni hivyohivyo.

Vipande vya fremu moja viliongezeka kutoka 38 hadi 52. Fremu ikapanuka, chuma kikapanuka, saa za kuchonga elektrodi za kuchimbia maelezo madogo zikaongezeka. Kalibu ikafika 60,000. Uchongaji ukafika 20,000, kwa kuwa misimamo kadhaa ilianza upya. Sanduku lililazimika kuchorewa maelekezo ya kuunganisha ambayo hayakuwa kwenye mpango, na picha zikapigwa mara mbili, hivyo 5,000 ikawa 10,000. Sasa mkupuo ni 90,000.

Katikati ya vurugu hiyo walifanya uamuzi ambao nauona kuwa bora kuliko yote ya mradi. Mchongaji alitaka fremu ya pili ndogo kwa ajili ya ofisa, mbeba bendera na mpiga ngoma. Walikataa. Walibana mikono na vichwa vya hao watatu ndani ya fremu ileile ya miili sita, na sanduku likawa fremu moja iliyorudiwa mara tano. Mteja anabaki na mabaki ya bendera nne asizozihitaji. Hilo ni upotevu, lakini ni upotevu wa plastiki, ambayo tumeona bei yake. Fremu ya pili ingekuwa chuma kingine.

Mapigo ya majaribio

Fremu za kwanza zilitoka na kasoro tatu. Ncha za silaha ndefu hazikujaa, kwa kuwa plastiki ilipoa kabla ya kufika mwisho. Blanketi iliyoviringishwa mgongoni, iliyokuwa nene, ilibonyea katikati. Na alama za pini zinazosukuma fremu nje ziliangukia juu ya uso wa koti.

Ncha zilitibiwa kwa kupanua mlango wa kuingizia plastiki na kuongeza njia ndogo ya hewa. Pini zilihamishwa. Blanketi ndiyo iliyowafundisha jambo. Plastiki hunywea inapopoa, polistireni kwa takriban asilimia 0.4 hadi 0.7, na pale penye unene mwingi ngozi ya juu huganda kwanza kisha huvutwa ndani na kiini kinachochelewa. Wakaigawa blanketi mara mbili na kuitoboa ndani. Faida ya pili hawakuitarajia: muda wa kupoa hukua kwa mraba wa unene, hivyo ukipunguza sehemu nene kuliko zote kutoka milimita 4 hadi 2, muda wake wa kupoa unashuka hadi robo. Fremu nzima humsubiri kipande mnene kuliko wote. Kwa blanketi moja kupunguzwa unene, bei ya 8 kwa muda wa mashine iliwezekana kulindwa.

Marekebisho haya yaliwezekana bila kuchonga chuma upya kwa sababu fundi alikuwa ameacha chuma cha ziada pale alipokuwa na wasiwasi. Kuondoa chuma ni kazi ya saa chache. Kukirudisha ni kuchomelea, kusaga na kuomba Mungu.

Kampeni, na wapanda farasi

Waliuza kwa kuagiza mapema kupitia kampeni ya mtandaoni. Njia hiyo haikuwa ngeni kwa tasnia: mwaka 2012 Reaper Miniatures ya Marekani ilikusanya zaidi ya dola milioni 3.4 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, kwa vijisanamu vya plastiki, na kampuni nyingi ndogo zilijifunza kutoka hapo jinsi zawadi za ziada zinavyoongeza joto la kampeni. Za kwao zilikuwa za kiasi. Lengo likafikiwa siku za mwanzo kabisa. Waungaji mkono wakaanza kuuliza swali la kawaida: na farasi je?

Usiku mmoja wakaahidi farasi. Sanduku la wapanda farasi kumi, plastiki, bei ileile ya 100. Niliwauliza kila mmoja kwa wakati wake ilivyoamuliwa. Wote walisema kitu kimoja: fedha zilikuwa zinaingia, jeshi bila farasi lilionekana pungufu, na sasa walikuwa wanajua kazi ya kalibu kwa hiyo ya pili ingekuwa nafuu. La mwisho lilikuwa kweli kwa kiasi. Kalibu ya farasi ilikuwa 55,000, uchongaji 15,000, picha na sanduku 8,000, jumla 78,000. Pungufu ya 90,000, lakini si kwa mbali.

Hakuna aliyeandika jedwali la farasi. Waliichukulia 78,000 kuwa sehemu ya mradi mmoja ambao tayari ulikuwa unaonekana kufaulu.

Kisha likaja suala la kiasi cha kupiga. Kila mkandarasi anapofunga kalibu kwenye mashine, kusafisha plastiki ya kazi iliyotangulia na kurekebisha joto na shinikizo, hutoza ada ya maandalizi hata kama utapiga fremu kumi. Kwa masanduku 1,000 ya farasi muda wa mashine ulikuwa 14 kwa sanduku; kwa 2,500 ulikuwa 9. Waliona punguzo la 5 na wakaagiza 2,500, pamoja na masanduku ya karatasi ya idadi hiyohiyo. Gharama ya sanduku moja la farasi ikawa 24. Askari wa miguu, kwa bahati njema, walipigwa kwa awamu tatu za masanduku 1,500 kwa sababu mwanzoni hawakuwa na fedha za zaidi.

Matokeo baada ya miaka miwili

Askari wa miguu waliuza masanduku 4,100. Farasi waliuza 900.

Mauzo hayakwenda kwa njia walizopanga. Moja kwa moja ilikuwa asilimia 30, maduka 30, na asilimia 40 ilipita kwa wasambazaji wa jumla, ambao hununua kwa 40. Wastani wa mapato ukawa 59 badala ya 75, na mchango wa kila sanduku la miguu ukawa 37 badala ya 53. Idadi ya kurudisha mtaji ikapanda kutoka 1,320 hadi kama 2,430. Waliipita, lakini mwaka wa pili, si wa kwanza.

Kwa ukamilifu: miguu 4,100 mara 37 ni 151,700, ondoa 90,000, inabaki faida ya 61,700. Farasi 900 mara 35 ni 31,500. Ondoa 78,000, kuna pengo la 46,500. Kwa pamoja mradi uko juu kwa 15,200.

Hiyo ni kwenye karatasi ya faida na hasara. Benki inasema jingine. Ghalani kuna masanduku 1,600 ya farasi yaliyolipiwa 24 kila moja, na 400 ya miguu yaliyolipiwa 22. Ni 47,200 iliyolala kwenye rafu. Mradi ambao mhasibu anauita wenye faida umewaacha na fedha pungufu kwa 32,000 kuliko walivyoanza, kabla ya mshahara wa mtu yeyote kati ya wanne.

Uchambuzi

*Farasi.* Jambo la kwanza ni kwamba hawakushindwa kwa ubaya. Wachezaji waliwasifu kuliko askari wa miguu. Walishindwa kwa sababu ya umbo la jeshi. Mchezaji anayejenga jeshi hununua masanduku mawili, matatu, hata manne ya miguu, na la farasi moja, na wengine hawanunui kabisa. Idadi hiyo ilikuwa inajulikana: mauzo yao wenyewe ya metali kwa miaka yote yalionyesha wapanda farasi wachache kwa kila askari wengi wa miguu. Taarifa ilikuwa kwenye kompyuta yao usiku ule wa ahadi.

Swali ambalo lingepaswa kuulizwa ni hili: kwa idadi gani plastiki inakuwa nafuu kuliko njia tuliyonayo? Kwa farasi kumi wa metali gharama zao za mkupuo zingekuwa kama 12,000, nyingi zikiwa za uchongaji, na gharama ya kila sanduku 60. Plastiki ni 78,000 na 24. Njia hizo mbili zinakutana kwenye sanduku la 1,830 hivi. Chini ya hapo metali ni nafuu. Kwa masanduku 900 plastiki iligharimu 99,600 na metali ingegharimu 66,000. Na metali husubuliwa oda inapofika, kwa hiyo rafu ingekuwa tupu.

Kuna pingamizi la haki: farasi wa metali hawawezi kuuzwa kwa 100, maana kwa wastani wa 59 kila sanduku lingekula hasara. Ni kweli. Wangeuzwa kwa 150 na wangeuzwa wachache. Tuseme 600 tu. Kwa uwiano uleule wa njia za mauzo, kila sanduku lingeleta 88.5, likachangia 28.5, na baada ya kuondoa 12,000 wangebaki na kama 5,100. Faida ndogo. Ilinganishe na pengo la 46,500.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa askari wa miguu: metali 12,000 na 90 kwa sanduku, plastiki 90,000 na 22. Zinakutana karibu na sanduku la 1,150. Waliuza 4,100. Kwa hiyo uamuzi wa kuhamia plastiki ulikuwa sahihi, na sahihi kwa nafasi kubwa, hata gharama zilipopanda kwa zaidi ya robo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kampuni imehamia plastiki, wakati kilichohamia ni bidhaa moja.

*Kiasi cha kupiga.* Lile punguzo la 5 lilikuwa na mtego wake. Masanduku 1,000 kwa 14 yangekuwa 14,000 za mashine; 2,500 kwa 9 ni 22,500. Walilipa 8,500 zaidi ili kupata bei ya chini, juu yake wakaongeza karatasi, vitako na kazi ya kufungasha kwa masanduku ambayo hayakuwa na mnunuzi. Hata kama wangetaka kupiga 2,500, fremu zingeweza kubaki uchi kwenye makatoni. Hazichukui nafasi, hazihitaji sanduku la rangi, na siku moja zingeweza kuuzwa kwa fremu moja moja.

*Chuma cha mapigo milioni.* Kwa mgawanyo wa madaraja unaotumika Marekani, kalibu ya daraja 101 ni ya mapigo milioni moja na kuendelea, na ya daraja 104 ni ya chini ya 100,000. Masanduku 4,500 ya miguu ni mapigo 22,500, maana kila pigo lilitoa fremu moja. Hata wakiuza kwa kasi hiyo kwa miaka minane hawafiki 100,000. Polistireni isiyo na nyuzi za kioo haisagi kalibu kama plastiki za viwandani zilivyo, hivyo hofu ya nyuso kufifia ilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe. Kalibu ya alumini, baada ya fremu kupanuka, ingekuwa kama 46,000 badala ya 60,000. Ni masanduku 380 pungufu kabla ya kurudisha mtaji. Wanaotetea chuma husema alumini hugongwa na kukwaruzwa kirahisi na kwamba ukarabati wake ni wa shida. Wana hoja. Mimi ningechukua alumini kwa bidhaa ya kwanza ya kampuni isiyojua bado soko lake la plastiki.

Kwa farasi, hata hivyo, alumini isingeokoa lolote la maana. Wangepunguza labda 15,000, na 63,000 gawa kwa 35 bado ni masanduku 1,800. Nalitaja hili kwa sababu kila nikieleza kisa hiki mtu huuliza kuhusu alumini, kana kwamba bei ya kalibu ndiyo iliyokuwa kosa.

*Wasambazaji.* Wamiliki wawili kati ya wanne wanawalaumu wasambazaji kwa kula faida. Siafiki. Sanduku linalokwenda kwa msambazaji huchangia 18, la dukani 33, la moja kwa moja 66. Ndiyo, 18 ni ndogo. Lakini masanduku 1,640 yaliyopita huko yalileta kama 29,500, na kalibu ilikuwa imeshalipiwa. Hakuna kazi nyingine ambayo ingefanya. Tatizo lilikuwa kutokuwa nao kwenye jedwali la kwanza. Bei ya 100 iliwekwa kwa kuwatazama wakubwa, na kampuni kama Games Workshop ya Uingereza, mtengenezaji mkubwa wa vijisanamu, yenye viwanda vyake Nottingham na maduka yake yenyewe, inagawana bei ya dukani na watu wachache mno. Kampuni ya watu wanne haiwezi kuiga bei bila kuiga mnyororo.

*Ukubwa wa sanduku.* Dogo, ila la mara kwa mara. Sanduku lilifanywa kubwa ili lionekane rafuni: sentimita 30 kwa 20 kwa 6. Makampuni mengi ya vifurushi hutoza kwa uzito wa ujazo, yaani urefu mara upana mara kimo, gawa kwa 5,000. Hapo unapata kilo 0.72 kwa kifurushi ambacho mizani inasema hakifiki 0.4. Fremu tano zililala chini na juu yake kulikuwa na hewa. Sanduku la kimo cha sentimita 3.5 lingetosha, na picha ya mbele isingepungua hata kidole.

Hali ilivyo sasa

Farasi hawatapigwa tena. Masanduku yaliyobaki yanauzwa pamoja na miguu kama jeshi la kuanzia, kwa bei ya punguzo inayorudisha zaidi kidogo ya 24. Maofisa wapya na mizinga vimerudi kwenye metali, vinasubuliwa kwa oda. Kalibu ya tatu ya plastiki ipo kwenye mpango, ni miguu tena, na jedwali lake lina safu ya msambazaji na safu ya masanduku yatakayolala.

Lililobaki bila jibu ni kile kiunzi. Mwisho wa mwaka wa pili mkandarasi alipandisha muda wa mashine kutoka 8 hadi 10.5 kwa sanduku la miguu. Vipande vya chuma ni mali ya kampuni, ila havikai kwenye mashine ya mtu mwingine bila kiunzi chao, na kiunzi kipya kimekadiriwa 18,000. Kwa nyongeza ya 2.5, ingebidi wauze masanduku 7,200 ndipo kuhama kulipe. Kwa hiyo wamebaki, na wanajadiliana naye kama awamu ijayo ya masanduku 1,500 inaweza kupigwa katika miezi ambayo mashine zake hukaa bila kazi.